Bastola ndogo inapokwama: toa kwanza sharjeri, kiisha angalia chumba



Mwezi huu somo letu la usalama halihusu kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tutafundishana juu ya bastola ndogo, ile inayoingia katika mfuko wa koti. Walinzi wengine wanaibeba kwa ruhusa, na kuna nyumba ambamo mzee aliyekufa ameacha moja ndani ya sanduku, imefungwa katika kitambaa chenye mafuta, na watoto wake hawajui kama imejaa ao ni tupu.

Mtu atauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika mambo ya bunduki? Anatafuta mikono yenu. Bastola inayopiga vizuri, kila mtu anaiogopa. Ile inayokwama, watu wanaacha kuiogopa. Wanaigeuza, wanaitikisa, wanachungulia katika mdomo wake, wanaivuta kwa nguvu kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Ndipo inapopiga. Kidonda kinachopatikana hapo ni kiganja cha mkono wa kushoto, ao paja, ao mtu aliyeketi upande wa pili wa chumba.

Neno moja la sheria, kiisha tuendelee. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inaomba kila mtu mwenye silaha awe na ruhusa ya serikali. Aliyerithi bastola bila karatasi asijaribu kuitengeneza. Asiibebe pia njiani kwenda kuionyesha. Aende kwanza mwenyewe, mikono mitupu, kwa wakubwa wa polisi, awaelezee, nao watamwambia namna ya kuitoa nyumbani. Somo hili ni kwa wale wanaobeba silaha kwa kazi na kwa ruhusa, na kwa jamaa wanaolala nyumba moja nao.

CHOMBO CHENYEWE

Bastola ya mfuko inayojulikana sana katika inchi zilizotawaliwa na Ubelgiji ni ile ya Herstal, karibu na mji wa Liège. Mmarekani John Browning ndiye aliyeichora, na kiwanda cha Herstal kiliitoa mwaka wa 1906. Inatumia kartushi ya milimita 6,35, na sharjeri yake inabeba kartushi sita. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Nyuma yake ikaja ndugu yake mdogo zaidi, Baby Browning. Viwanda vya inchi nyingine viliiga umbo hilo, vingine kwa chuma kizuri, vingine kwa chuma kibaya. Kuna pia zile za milimita 7,65, ambazo ni kubwa kidogo.

Tusikilizane juu ya majina. Kartushi ni kitu kizima: ganda la shaba ya manjano, baruti ndani yake, kifuniko cha moto nyuma, na risasi mbele. Risasi ni kile kipande kinachoruka tu. (Na risasi ni jina la chuma pia, kile chuma kizito chenye sumu, tutarudi kwake mwishoni.) Sharjeri ni kisanduku chembamba kinachoingia katika mshiko, chenye resori inayosukuma kartushi juu. Kulasi ni kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi mbele.

Namna bastola inavyojilisha ni hivi. Kartushi inapiga. Nguvu ya moshi inasukuma risasi mbele, na inasukuma kulasi nyuma. Ndoano ndogo ya kulasi inashika ganda tupu na kulivuta, ganda linagonga kijiti cha chuma na kuruka nje. Resori ya kulasi inairudisha mbele. Ikirudi, inasukuma kartushi ya juu katika sharjeri. Kartushi inatoka chini ya midomo miwili ya sharjeri, pua yake inapanda mteremko mdogo, inaingia katika chumba cha mtutu. Yote hayo yanafanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na katika chombo kidogo kuliko kiganja. Kila kitu ndani yake ni kifupi: mteremko ni mfupi, safari ya kulasi ni fupi, resori ni fupi na ngumu. Basi kosa dogo, ambalo bastola kubwa ya askari ingelivumilia, linatosha kuizuia hii ndogo.

KADENA YA MASHINI YA KUPONDA MAWE

Ninyi mnaotumika kwenye mashini ya kuponda mawe mnajua sheria. Jiwe likikwama katika mdomo wa mashini, hakuna anayetia mkono. Kwanza umeme unakatwa, kadena inafungwa kwenye kisanduku cha umeme, kila mtu ana ufunguo wake mfukoni, mashini inajaribiwa kama kweli imekufa, ndipo mtu anakwenda kuangalia jiwe. Wale waliotaka kuokoa dakika mbili wamepoteza vidole.

Bastola iliyokwama ni mashini ile ile iliyojaa jiwe. Umeme wake ni kartushi. Mbele ya kujiuliza sababu ya kukwama, mkate umeme. Fanyeni hivi, na msibadilishe mpango:

Mdomo wa bastola uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu: mfuko mkubwa wa mchanga ao rundo la udongo. Ukuta wa matofali ya kambi haufai, sababu nyuma yake kuna jirani. Kidole kikae nje kabisa ya kifyatulio, kimenyooka kando ya chuma.

Ikiwa ulifyatua na haikupiga, usifanye kitu. Ngoja nusu dakika nzima, mdomo ukielekea pale pale. Mnaojua kazi ya baruti chini ya ardhi mnanielewa: baruti isiyolipuka haiendewi mara moja. Kartushi ya zamani inaweza vilevile kuchelewa na kupiga mkononi mwako wakati unapoigeuza uso.

Kiisha toa sharjeri. Katika nyingi za bastola hizi kitasa chake kiko chini, kwenye kisigino cha mshiko. Iweke mbali nawe, ao mpe mwenzako.

Kiisha vuta kulasi nyuma mpaka mwisho, uishike hapo, na uangalie ndani ya chumba kwa macho. Mwanga ukiwa hafifu, tia ncha ya kidole kidogo. Angalia tena mara ya pili.

Hapa ndipo kifo kinapojificha, na nitakaa hapo kidogo. Watu wengi wanaamini kwamba sharjeri ikitoka, bastola ni tupu. Si kweli! Kartushi moja inaweza kubaki katika chumba, na hiyo moja inatosha. Bastola za 1906 za kwanza zilikuwa na kizuizi cha nyuma ya mshiko tu. Baadaye Herstal waliongeza cha kidole gumba, na tena kingine kinachokataza kupiga wakati sharjeri haimo. Lakini bastola nyingi zilizoigwa hazina hicho cha mwisho. Hata ile iliyo nacho, nani alikitazama kwa miaka mingi? Mtu mmoja anatoa sharjeri, anamwonyesha rafiki yake, « unaona, hakuna kitu », anafyatua kwa mchezo. Maneno hayo yamezika watu katika inchi nyingi.

Tena mkumbuke: bastola kubwa nyingi zinabaki wazi zenyewe kartushi ikiisha. Hizi ndogo za zamani hazifanyi hivyo. Kulasi inajifunga juu ya chumba kitupu sawasawa na inavyojifunga juu ya chumba kilichojaa. Kwa nje hakuna tofauti.

Na namna ya kuvuta kulasi ina hatari yake. Chuma ni kidogo, resori ni ngumu, vidole vinateleza. Mtu anatafuta nguvu, anapeleka mkono wa kushoto mbele, kiganja kinapita mbele ya mdomo. Mtutu una sentimita tano na kitu tu, kwa hiyo kidole kimoja kikisogea kidogo kimekwisha fika mbele ya tundu. Shika kulasi nyuma, kwenye mistari iliyochongwa kwa kazi hiyo, kwa gumba na kidole cha pili kilichokunjwa. Kauka mikono kwanza. Ikikataa hata hivyo, usiibane kati ya magoti, usiigonge kwenye meza. Iache pale ilipo, ikielekea kwenye mchanga, mtu mmoja abaki kuilinda, na mwingine amwite fundi wa silaha.

ISHARA NA SABABU

Sasa bastola ni tupu. Kumbuka ilikwama namna gani, sababu namna ya kukwama inaonyesha mahali pa ugonjwa, kama vile sisi tunavyouliza mgonjwa anaumwa upande gani mbele ya kumpa dawa.

Tuanze na sharjeri, sababu ndiyo yenye makosa kuliko kitu kingine, na ndiyo watu wanayoisahau. Wanasafisha mtutu mpaka unang'aa, na sharjeri haijafunguliwa tangu baba yao alipoipata. Midomo miwili ya juu ndiyo inayoshika kartushi kwa kimo chake. Sharjeri ikianguka juu ya simenti, mdomo mmoja unapinda, unene wa ukucha tu, na kazi imeharibika: midomo ikifunguka, kartushi inaruka juu mbele ya wakati na pua yake inatazama mbingu, ikijifunga, kartushi haitoki ao inatoka ikiinama na kugonga chini ya mteremko. Resori ikichoka, kartushi inachelewa kupanda, kulasi inapita juu yake na kujifunga juu ya chumba kitupu. Hapo mlinzi anafyatua, anasikia « tik », anafikiri kartushi imekufa, kumbe hakuna kartushi. Ukuta wa sharjeri ukibonyea, kartushi zinakwama ndani. Na kitasa cha kisigino kikilika, sharjeri inashuka milimita moja bila mtu kuona, kulasi haiwezi kuokota kitu.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kama una sharjeri mbili, uandike namba 1 na namba 2 chini yake. Bastola ikikwama, andika namba. Ikiwa ni namba 2 kila mara, bastola yenyewe ni nzima. Mgonjwa ni sharjeri namba 2. Usiikunje midomo kwa koleo. Nimeona sharjeri iliyotengenezwa hivyo: iliponywa kwa kartushi ya kwanza, ikaugua kwa nyingine zote. Inunuliwe mpya, ya umbo lile lile.

Kuna kosa moja ambalo si la chuma bali la kujaza. Kartushi za 6,35 na za 7,65 zina kaukingo kadogo nyuma ya ganda, kapana kidogo kuliko ganda lenyewe. Ukiingiza kartushi ya juu hata kaukingo kake kakaketi nyuma ya kaukingo ka ile ya chini, ya juu haitaweza kwenda mbele. Inavuta na ya chini, zote mbili zinafungana. Za 7,65 zinajulikana sana kwa ugonjwa huo. Jaza polepole, kila kartushi ikae mbele kidogo ya ile iliyo chini yake.

Kiisha kartushi zenyewe. Zile za babu, zenye kutu ya kijani, zisitumiwe. Zilizolowa mafuta vilevile: mafuta yanaingia, baruti inakufa nusu. Baruti iliyokufa nusu inasukuma kulasi nusu, na ganda tupu linabanwa likisimama wima kama bomba la moshi. Lakini ubaya mkubwa zaidi ni huu: ukisikia mlio mdogo, kama kupiga makofi, acha hapo hapo. Inawezekana risasi imebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi. Toa sharjeri, angalia chumba, peleka kwa fundi.

Kartushi ambayo imeingizwa na kutolewa mara nyingi, kila asubuhi na kila jioni, risasi yake inasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo na kuwa fupi. Iweke kando ya mpya, utaona. Haipandi vizuri, na nguvu yake ndani inazidi kipimo. Kartushi zenye pua bapa ao yenye tundu, bastola nyingi za zamani hazizipandishi. Zilitengenezwa kwa pua ya mviringo. Na kipimo kilichoandikwa juu ya chuma kifuatwe: 6,35 si 7,65, hata kama muuzaji anaapa.

Uchafu. Mfuko wa suruali unatoa nyuzi na vumbi la tumbako, na sisi tunaokaa karibu na machimbo tuna lile vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa. Likichanganyika na mafuta mengi linakuwa udongo wa mfinyanzi. Kulasi inarudi mbele polepole na kubaki imefungwa nusu. Basi mafuta yawe tone moja, kiisha yapanguswe. Ndani ya sharjeri hakuna mafuta kabisa. Sabuni ya kusafishia, kitambaa na burashi vinatosha. Mteremko wa kupandia upanguswe tu. Wanaochukua tupa na kuulainisha wanaharibu kitu ambacho fundi mwenyewe hakirudishi.

Resori ya kulasi iliyochoka, na ndoano iliyovunjika ncha, ni kazi ya fundi. Sina maneno mengi hapo. Lakini mkono wa mpigaji ni wenu. Bastola hizi hazina kufuli la chuma; zinapiga kwa uzito wa kulasi na nguvu ya resori tu. Ukiishika kwa vidole viwili na kifundo cha mkono kikalegea, chombo chote kinarudi nyuma pamoja na kulasi, nayo haimalizi safari yake. Na gumba likipanda juu, linaizuia kulasi, na kulasi inalipiza: inachana ngozi kati ya gumba na kidole cha pili, mistari miwili kama ya wembe. Tunaposhona pale, mwenye mkono anasema bastola ni mbaya.

Mbele ya kujaribu bastola iliyotengenezwa, mjaribu mahali pa kupigia shabaha penye ruhusa, si nyuma ya nyumba. Mtie kartushi moja tu katika sharjeri kwanza, kiisha mbili, kiisha zote. Vaeni miwani, na mzibe masikio kwa vifaa vile vile vya kazini: mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na sikio lililokufa kwa mlio halina dawa. Na bastola isiyoaminika isirudi kazini hata kama zamu inaanza saa ile. Mlinzi amwambie shefu wake wazi: hii imekataa mara mbili, ninaomba nyingine.

NYUMBANI

Mama wa nyumba ana haki ya kuuliza: iko wapi, na nani ana ufunguo? Bastola ikae katika kasha lenye kadena, tupu, na kartushi mahali pengine penye kadena yake. Chini ya mto si mahali. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvuta kifyatulio kwa kidole kimoja, basi anaigeuza na kukisukuma kwa magumba mawili. Mdomo unamwelekea yeye mwenyewe. Bastola za zamani zikianguka zinaweza kupiga zenyewe, sababu pini ndani yake inazuiliwa na kipande kidogo cha chuma kilicholika. Kwa hiyo chumba kisijazwe inapokaa, hata mchana mmoja.

Kitambaa cha kusafishia kisiguse vyombo vya jikoni. Hapa tunarudi kwa ile risasi chuma: vumbi lake na moshi wa kartushi vina sumu inayoingia kwa mdomo na pua, na inadhuru akili ya mtoto mdogo na mimba kuliko mtu mzima. Osha mikono kwa sabuni mbele ya kula, mbele ya kuvuta sigara, mbele ya kumbeba mtoto. Nguo ifuliwe mbali na nepi.

IKIWA IMEKWISHA PIGA

Tundu la 6,35 ni dogo, pengine linatoka damu kidogo tu, na mtu anasema si kitu. Msidanganyike. Tundu dogo tumboni linaweza kuwa limetoboa matumbo matatu. Kila aliyepigwa aende lopitali, hata akitembea mwenyewe.

Kwanza ondoeni bastola karibu naye, mkielekeza mdomo chini, pasipo kuvutavuta. Kiisha mfinye kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuangalia kila dakika. Kitambaa kikilowa, ongezeni kingine juu yake, cha kwanza kisitolewe. Ikiwa ni mkono ao mguu, na damu inaruka wala haikubali kusimama, mfunge kitambaa kipana cha vidole vitatu juu ya kidonda, upande wa moyo, umbali wa sentimita tano hivi, si juu ya kiungo; tia kijiti na mzungushe mpaka damu ikome. Muandike saa kwenye paji la uso wake ao kwenye karatasi iliyofungwa kifundoni, na msilegeze tena, tutalegeza sisi. Aliyepigwa kifuani na anahema kwa taabu, mwache aketi nusu, wala msizibe tundu kwa kitambaa kilichobanwa.

Msitafute risasi kwa kisu. Msitie majivu, mafuta ya gari, wala kahawa. Msimpe kula wala kunywa, sababu pengine atalazwa usingizi wa kupasuliwa. Mfunikeni apate joto. Na mtuambie kweli namna ilivyotokea: tunauliza ili tujue njia ya risasi mwilini. Mleteni na karatasi yake ya chanjo ya pepopunda kama inapatikana. Isipopatikana, mleteni bila karatasi, sindano tutampiga pale pale.